Watoto wa Sinema Bubu na Watu Wanaokusanya Vikumbusho Vyao

Katika nchi za Marekani na Ulaya wako watu wengi ambao katika saa zao za mapumziko hukusanya vitu. Mmoja hukusanya stempu, mwingine sarafu za kale, na mwingine vifungo vya mavazi ya askari. Miongoni mwao liko kundi dogo la watu wakusanyao vitu vilivyosalia vya watoto waliokuwa mashuhuri katika sinema zamani, wakati sinema ilipokuwa bado haijapata sauti. Vitu hivyo ni picha, kadi za posta, matangazo ya ukutani, wanasesere, mikebe ya kalamu za risasi na karatasi za nyimbo. Mtu asiyejua maana yake akivikuta sandukuni atadhani ni takataka zifaazo kuwashia moto tu. Lakini kila kimoja kina habari yake, na baadhi ya habari hizo zamfaa kuzijua kila mzazi aliyejaliwa kupata watoto.

Vijana wa leo waliozoea kusikia watu wa sinema wakinena na kuimba huenda wasijue kwamba kwa miaka thelathini hivi picha hizo zilikuwa bubu. Watu walionekana wakienda, wakicheka na kulia, lakini hakuna lililosikika ila mpigaji piano aliyeketi mbele ya pazia. Palipokuwa na maneno ya lazima, yaliandikwa na kuonyeshwa katikati ya picha ili watu wasome. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1927, na miaka michache baadaye sinema bubu ilikuwa imekwisha katika Marekani.

Katika sinema ya namna hiyo mtoto mdogo alikuwa na nafasi kubwa. Hakutakiwa kukariri maneno mengi wala kuyatamka kwa ufasaha. Uso wake ulitosha. Tena, kwa kuwa picha hazikuwa na lugha, mtoto aliyependwa katika mji wa Los Angeles aliweza kupendwa vile vile London, Paris na Tokyo; ilitosha kubadili yale maandishi machache tu. Ndiyo sababu watoto wa wakati ule walipata sifa ya upesi sana, iliyoenea mbali kuliko sifa ya wafalme wengi.

JACKIE COOGAN

Wa kwanza kutajwa na wakusanyaji wote ni Jackie Coogan. Alizaliwa Los Angeles tarehe 26 Oktoba 1914, na baba yake alikuwa mchezaji wa jukwaani. Charlie Chaplin alimwona mtoto huyo akicheza pamoja na baba yake, akapendezwa naye, akamchukua ili aigize naye katika sinema iitwayo The Kid, iliyotolewa mwaka 1921. Katika hadithi hiyo Chaplin ni maskini anayeokota mtoto mchanga na kumlea. Mtoto akikua kidogo anakuwa msaidizi wa kazi: yeye hutangulia kuvunja vioo vya madirisha kwa mawe, kisha baba yake wa kulea hutokea nyuma, amebeba vioo vipya mgongoni, kana kwamba amepita kwa bahati tu. Watu walicheka. Lakini ilipofika mahali pale ambapo mtoto ananyang'anywa mlezi wake ili apelekwe kwenye nyumba ya mayatima, naye anyoosha mikono na kulia, watu wazima walitoa vitambaa vyao na kufuta machozi.

Baada ya hapo jina la Jackie likawa mali. Picha yake, amevaa kofia kubwa iliyokaa upande na suruali ya mtu mzima iliyokunjwa, ilitiwa katika kila kitu kiwezacho kuuzwa. Palikuwa na wanasesere wa Jackie, filimbi za Jackie, karatasi za kuandikia, mikebe ya kalamu, hata siagi ya karanga yenye jina lake. Vitu hivyo ndivyo vinavyotafutwa leo. Mkebe wa siagi ya karanga uliokuwa ukitupwa ulipokwisha kulambwa, sasa huwekwa ndani ya kabati la kioo, na mwenyewe hakubali mgeni aushike ila kwa mikono mikavu.

Mwaka 1924 Jackie alitumwa kusaidia kazi ya kuwalisha mayatima wa Armenia na Ugiriki waliopoteza wazazi wao katika vita na mateso ya miaka ile. Alizunguka Marekani akiomba watoto wenzake watoe maziwa ya mikebe, nguo na chakula, na thamani ya vitu vilivyopatikana ilipita dola milioni moja. Kisha akavuka bahari mpaka Ulaya, akapokewa na Papa Pius wa 11, akafika Athens. Wakati huo alikuwa bado hajatimiza miaka kumi. Picha na kadi za safari hiyo zinapendwa na wakusanyaji kuliko nyingine nyingi, kwa sababu zinamwonyesha mtoto wa sinema akifanya kazi iliyowafaa watoto wengine.

MALI ILIKWENDA WAPI?

Watu waliokuwa wakinunua mikebe na wanasesere walidhani kwamba mtoto huyo anawekewa akiba kubwa. Fedha alizochuma utotoni zilikisiwa kuwa kati ya dola milioni tatu na milioni nne. Yeye mwenyewe alipewa dola sita na senti ishirini na tano kwa juma, za matumizi yake. Baba yake ndiye aliyesimamia kazi, na Jackie alimwamini.

Mwezi wa Mei 1935 baba huyo alikufa katika ajali ya motakaa huko California. Watu watano walikuwa ndani ya gari hilo, na Jackie peke yake ndiye aliyepona. Miezi michache baadaye akatimiza miaka 21, umri wa mtu mzima, akangojea kukabidhiwa mali yake. Hakukabidhiwa. Mama yake alikuwa ameolewa na Arthur Bernstein, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya familia, nao walishikilia kwamba kwa sheria ya California fedha za mtoto aliye chini ya umri ni za wazazi wake. Kwa bahati mbaya, sheria ilivyoandikwa wakati ule, maneno yao yalikuwa na nguvu.

Mwaka 1938 Jackie alimshitaki mama yake mzazi mahakamani. Ni vigumu kufikiri jambo la kuhuzunisha kuliko hilo: mwana na mama wakisimama mbele ya hakimu kwa ajili ya fedha, na magazeti ya dunia nzima yakiandika. Hesabu ilipokwisha kufanywa, zilionekana zimebaki kama dola 250,000 tu. Jackie akapata kama nusu yake, yaani dola 126,000 hivi. Katika siku hizo za dhiki alimwendea Chaplin kumwomba msaada, na Chaplin, bila kusitasita, akampa dola 1,000. Wahenga walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo shauri lake halikupita bure. Mwaka 1939 serikali ya California ilitunga sheria ya kulinda fedha za watoto waigizaji, na mpaka leo watu huiita Sheria ya Coogan. Sheria ya kwanza ilikuwa na mianya mingi, maana hakimu alikuwa na nguvu juu ya mikataba iliyoletwa mbele yake tu, na wengine walikwepa kuileta. Sheria hiyo ilirekebishwa, na tangu mwanzo wa mwaka 2000 fedha anazochuma mtoto ni zake mwenyewe, na asilimia 15 ya mshahara wake hapana budi iwekwe katika akiba isiyoguswa na mtu mpaka atakapokuwa mtu mzima.

Wazee waliopigana Burma katika vita vya pili vya dunia walikuwa karibu na Jackie Coogan kuliko walivyojua. Mwezi wa Machi 1944 alikuwa rubani wa ndege zile zisizo na injini, zilizovutwa kwa kamba na ndege nyingine usiku na kutua porini nyuma ya majeshi ya Wajapani. Mwaka huo huo askari wa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wakipigana katika bonde la Kabaw, katika nchi hiyo hiyo. Baada ya vita alirudi katika kuigiza, na katika miaka ya 1960 watazamaji wa televisheni walimjua kama mzee mnene mwenye kipara, mwenye vituko. Wachache walitambua kwamba ndiye yule mtoto wa suruali iliyokunjwa. Alifariki mwaka 1984.

BABY PEGGY

Wa pili ni msichana aliyeitwa Baby Peggy. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Peggy-Jean Montgomery, naye alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1918. Baba yake alikuwa mchunga ng'ombe na hodari wa kupanda farasi, aliyekuwa akifanya vitendo vya hatari badala ya mwigizaji Tom Mix. Alikuwa amewafundisha binti zake kutii neno la kwanza bila kuuliza. Siku moja mtoto huyo mwenye umri wa miezi 19 aliketi kimya katika kiwanda cha sinema, asilie wala kusumbua, na wenye kazi wakaona kwamba wamepata walichokuwa wakikitafuta. Kuanzia mwaka 1921 hata 1924 alionekana katika sinema fupi za kuchekesha zinazokisiwa kufika 150, na baadaye katika sinema ndefu kama The Darling of New York ya mwaka 1923 na Captain January ya mwaka 1924.

Alifanya kazi saa nane kila siku, siku sita za juma. Shule hakuiona. Alipokuwa mtu mzima alieleza mwenyewe jinsi alivyotiwa katika hatari: alivyozamishwa majini hata akazimia, na alivyowekwa katika chumba kilichowashwa moto kwa ajili ya picha, akafika mlangoni akakuta kitasa kimekuwa moto usioshikika, akatafuta njia nyingine kwa akili yake mwenyewe. Mambo hayo hayaonekani katika kadi za matangazo. Humo mtoto anatabasamu, nywele zimekatwa sawasawa juu ya paji la uso, na vazi lake ni safi. Mkusanyaji aliyesoma maisha yake huiangalia kadi hiyo kwa jicho jingine.

Mwaka 1924 alikaribishwa katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko New York, akasimama jukwaani pamoja na Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Wanasesere wa Baby Peggy waliuzwa madukani, na mtoto mmoja aliyekuwa na mwanasesere huyo alikuwa Judy Garland, ambaye baadaye akawa mwimbaji na mwigizaji mashuhuri kuliko Peggy mwenyewe.

Kisha yote yakaanguka kwa mara moja. Baba yake aligombana na mwenye sinema kwa sababu ya malipo, mkataba ukavunjika, na mtoto wa miaka sita akawa hana kazi. Fedha zilitumika ovyo, na nyingine zikapotezwa na jamaa aliyeaminiwa kuzisimamia. Peggy akapelekwa kucheza majukwaani mji kwa mji ili familia ipate kula. Shamba walilonunua Wyoming likapotea katika msiba wa fedha wa mwaka 1929. Miaka ya 1930 msichana aliyekuwa na mkataba wa dola milioni moja na nusu kwa mwaka alirudi Hollywood, akasimama katika kundi la watu wasio na majina, wanaolipwa kwa siku ili wapite nyuma ya waigizaji wakubwa.

Kwa miaka mingi hakutaka kuitwa Baby Peggy. Alijipa jina jipya, Diana, akaolewa, akawa Diana Serra Cary, akafanya kazi ya kuuza vitabu. Hatimaye aligeuka akawa mwandishi wa historia. Aliandika kitabu juu ya watoto wa Hollywood, kitabu juu ya maisha yake mwenyewe mwaka 1996, na kitabu juu ya Jackie Coogan mwaka 2003. Wakusanyaji walimwandikia barua hata uzeeni. Mtu aliyetumiwa kama mali alipokuwa hajui kusoma, ndiye aliyekuja kuandika hesabu ya watoto wenzake. Alifariki tarehe 24 Februari 2020, akiwa na miaka 101.

WATOTO WEUSI KATIKA KUNDI LA HAL ROACH

Hapana budi kuwataja pia watoto wenye asili ya Afrika. Ernest Morrison, aliyeitwa Sunshine Sammy, alizaliwa New Orleans mwaka 1912. Aliingia katika sinema akiwa mchanga, na mwaka 1919 alipewa mkataba wa muda mrefu na mtengenezaji Hal Roach, jambo ambalo mtoto mweusi hakuwahi kulipata Hollywood kabla yake. Mwaka 1922 Roach alianzisha mfululizo wa sinema fupi uitwao Our Gang, yaani kundi la watoto wa mtaani, na Morrison alikuwa mmoja wa wa kwanza. Mwenzake mdogo, Allen Hoskins, aliyejulikana kwa jina la Farina, aliingia mwaka ule ule na kuonekana katika sinema 105 za kundi hilo.

Vikumbusho vya watoto hao vina utamu na uchungu. Kwa upande mmoja, sinema hizo ziliwaonyesha watoto weusi na weupe wakicheza pamoja, wakigombana na kupatana kama watoto wo wote, katika siku ambazo sehemu nyingi za Marekani hazikuwaruhusu kuketi darasa moja. Kwa upande wa pili, Farina alisukwa nywele na kuvikwa matambara hata watazamaji hawakujua kama ni mvulana au msichana, na mzaha mwingi ulikuwa juu ya rangi yake. Matangazo mengine ya wakati ule yalichorwa kwa dharau iliyo wazi. Mkusanyaji mwenye busara hayafichi wala hayapambi nyumbani. Huyahifadhi pamoja na maelezo, ili wajao baadaye wajue mambo yalivyokuwa.

Watoto hao wawili hawakuharibika. Hoskins alipokua aliiacha sinema, akafanya kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu huko California. Morrison naye, baada ya miaka mingi ya kuigiza, alifanya kazi katika viwanda vya vyombo vya ndege. Wote wawili waliheshimiwa kabla ya kufa kwao kwa kutiwa katika orodha ya watu weusi waliotukuka katika sinema.

KWA NINI KARATASI ZIMEKUWA NA THAMANI

Huenda msomaji akauliza: Kama watoto hao walikuwa mashuhuri hivyo, kwa nini watu wasitazame sinema zenyewe badala ya kuhangaika na mikebe na kadi? Jibu ni kwamba sinema zenyewe nyingi hazipo. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa mwaka 2013 kwamba, katika sinema ndefu bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya mwaka 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia kamili katika hali yake ya kwanza.

Sababu ni nyingi. Utepe wa wakati ule ulitengenezwa kwa dawa ya naitreti, ambayo hushika moto upesi, na ukishawaka hata maji hayauzimi. Usipoungua, huoza wenyewe ukawa unga. Mwaka 1937 ghala moja kubwa huko New Jersey liliungua na sinema nyingi zikateketea. Nyingine zilichomwa makusudi na wenyewe, kwa kuwa ndani ya utepe mna madini ya fedha, na baada ya kuja kwa sauti waliona madini hayo yana faida kuliko picha. Hivyo sinema nyingi za Baby Peggy zimepotea.

Mara kwa mara hutokea kimoja kilichopotea kikapatikana. Sinema ya Oliver Twist ya mwaka 1922, ambayo Jackie Coogan aliigiza, ilidhaniwa imepotea kabisa mpaka nakala ikaonekana Yugoslavia katika miaka ya 1970. Nakala hiyo haikuwa na yale maandishi ya katikati ya picha, na ilipokuwa ikitengenezwa upya, Jackie mwenyewe, mzee sasa, alisaidia kukumbuka yaliyokuwamo. Sinema fupi ya Baby Peggy, Our Pet ya mwaka 1924, ilipatikana Japani mwaka 2016. Lakini pale ambapo hakuna utepe wala mzee wa kukumbuka, ushahidi uliobaki ni picha iliyopigwa kiwandani na karatasi ya tangazo. Kwazo hujulikana mtoto alivaa nini, nani alisimama naye, na hadithi ilikwendaje.

Hata karatasi hizo ni chache. Matangazo ya ukutani yalikuwa ya kazi ya siku chache. Mwenye ukumbi alitakiwa kuyarudisha ili yapelekwe mji mwingine, yakatumika hata yakararuka. Mengine yalibandikwa moja juu ya jingine au kutiwa ndani ya kuta ili kuzuia baridi. Wakati wa vita vya pili vya dunia watu waliombwa watoe karatasi zote kuukuu, na vikumbusho vingi vikaenda humo.

KUJUA CHA KWELI NA CHA UONGO

Panapo thamani hapakosi wadanganyifu, kwa hiyo mkusanyaji hujifunza kama karani ajifunzavyo kutambua hati ya kughushi. Kwanza hupima. Tangazo kubwa la Marekani la siku hizo lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41. Kadi za ukumbini, zilizowekwa mlangoni ili kuwavuta watu, zilikuwa inchi 11 kwa 14, na kwa kawaida zilikuja nane nane. Kipimo kikipungua au kuzidi, huuliza sababu.

Pili, huchukua kioo cha kukuzia na kutazama wino. Tangazo la kale lililochapwa kwa mawe au mabamba ya kuchorwa kwa mkono huonyesha chembechembe zisizo na mpango. Nakala iliyopigwa picha siku hizi huonyesha vitone vilivyopangwa sawasawa kama mistari ya mahindi.

Tatu, huangalia mwaka. Captain January ilitengenezwa tena mwaka 1936 na mtoto mwingine, Shirley Temple, katika sinema ya sauti. Asiyejua huweza kununua kitu cha sinema hii akidhani ni cha ile. Vile vile Chaplin aliitoa The Kid upya katika miaka ya 1970, na matangazo ya wakati huo si ya mwaka 1921.

Nne, huwa mwangalifu sana juu ya sahihi. Picha nyingi zilizotumwa kwa watu walioandika barua zilitiwa sahihi na makarani, au na mama wa mtoto, au kwa muhuri wa mpira. Akili ya kawaida yatosha hapa: mtoto wa miaka minne hawezi kuandika jina lake kwa mwandiko wa mwalimu mkuu.

KUTUNZA

Adui wa karatasi ni jua, unyevu, wadudu na mikono ya watu. Mkusanyaji mzoefu hatundiki karatasi ya kale dirishani. Haibandiki kwa gundi wala kwa utepe wa kunata, kwa maana utepe huo ukikauka huacha doa la hudhurungi lisilotoka. Huiweka katika bahasha isiyo na asidi, imelala, mahali pakavu penye hewa. Mwanasesere wa unga wa mbao na gundi hupasuka akibadilishiwa joto na baridi, kwa hiyo hukaa mbali na jiko na dari. Kipande cha utepe wa naitreti hakiwekwi nyumbani kamwe. Hupelekwa kwa wenye ghala maalumu.

Zaidi ya hayo yote, mkusanyaji mwema huandika. Nyuma ya picha, kwa kalamu ya risasi laini na kwa mkono mwepesi, hutia jina la mtoto, jina la sinema, mwaka, na mahali alipoipata. Picha isiyo na jina ni yatima wa pili. Ikishakufa kumbukumbu ya mwenyewe, hakuna awezaye kusema ni ya nani.

Huenda msomaji asiwe na haja ya mikebe ya siagi ya karanga ya Marekani, wala kadi za watoto wasio wake. Lakini katika nyumba nyingi mna picha za shule, barua za jamaa waliokwenda mbali, stakabadhi za shamba na vitambulisho vya babu, navyo vimerundikwa katika sanduku moja ambalo mchwa wamekwisha kulijua. Kazi ya kuvipanga na kuviandika majina ni ya jioni mbili tatu tu, na yafaa ifanywe wazee wangali hai kuulizwa.

Tena yako mafundisho ya akiba. Siku hizi mtoto huweza kuchuma kwa kuimba, kwa kukimbia mbio, kwa kuonekana katika matangazo, au kwa kusaidia shambani. Mzazi anayepokea fedha hizo amepokea amana. Afungue daftari lenye jina la mtoto, aandike kilichoingia na kilichotoka, na amwonyeshe mtoto mwenyewe pindi ajuapo kusoma hesabu. Jackie Coogan alipotimiza miaka 21 hakukosa kazi nyuma yake, wala hakukosa sifa. Alikosa daftari la namna hiyo.